Jino la Bibi Gharika

Fomu ya malalamiko ilijazwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika penye nafasi finyu. Mali iliyoibiwa: Bibi Gharika. Urefu: sentimita tisa. Mikono minane, meno ishirini na nane, moja la dhahabu. Thamani: haina bei. Maelezo mengine: mwizi ameacha mwingine mahali pake, lakini huyo si mwanangu.

Pembeni, kwa kalamu nyingine, konstebo wa zamu alikuwa ameongeza: Mzee amechoka. Arudishwe nyumbani.

Inspekta aliisoma fomu mara mbili, kisha akamkazia konstebo macho mpaka konstebo akakumbuka kwamba ana kazi chumba cha pili. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye viatu vya kutembelea na uvumilivu wa mtu anayechambua mchele. Kazi ilimfundisha kwamba mwongo hupamba. Mtu anayekwambia mali yake ina meno ishirini na nane, huyo ameyahesabu.

"Konstebo!" aliita. "Mzee huyu anakaa wapi?"

Saa tatu na nusu asubuhi alikuwa anabisha mlango.

Mzee aliyemfungulia alikuwa mwembamba, anachechemea goti la kushoto, na miwani yake ilikuwa imepandishwa kwenye paji la uso. Miaka thelathini na nane alikuwa ametengeneza meno ya bandia katika maabara ya hospitali, na mtaa mzima ulimwita Fundi Meno hata baada ya kustaafu. Alimwongoza hadi chumba cha nyuma. Chini ya dirisha palikuwa na meza ya kazi iliyofungwa sakafuni kwa bolti nne. Juu yake palikuwa na taa ya mkono mrefu, kopo la maji, na brashi nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Rafu nzima ilijaa taya za plasta, zimekenua kama wageni wanaosubiri chai.

"Kaa hapo penye mwanga, Inspekta."

"Asante, mzee. Nimekuja kuhusu ile—"

"Gego lako la juu kulia ni la bandia," mzee alisema, akiwa amesimama mbele yake. "Na aliyekutengenezea alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Inspekta alijikuta amegusa shavu lake la kulia. Ilikuwa kweli, na hata dada yake wa tumbo moja hakuwa akilijua.

"Pole," mzee alisema. "Macho yangu hayana adabu. Njoo uwaone watoto."

Katika kabati la vioo, chini ya taa ndogo iliyofichwa kwa ustadi kwenye dari ya kabati, walisimama mazimwi saba wa baharini, kila mmoja anatosha kiganjani. Palikuwa na kaa mwenye kofia ya jaji, ambaye wachezaji walimwita Kaa Hakimu. Palikuwa na Pweza Karani, kashika kalamu kila mkono. Ute uling'aa kwenye magamba kana kwamba wametoka majini dakika hiyo, na Inspekta, ambaye alikuwa ameona maiti wa kutosha, alirudi nyuma nusu hatua.

"Ni sanamu za mchezo," mzee alisema, amefurahi kumwona akirudi nyuma. "Kila Jumamosi mchana tunakaa kuizunguka meza, watu wazima na akili zetu. Mmoja anasimulia hadithi ya mji wa kubuni ulio ukingoni mwa bahari, na vitu vinavyotoka chini. Sisi tunatupa dadu kujua nani anakimbia na nani anamezwa. Zimwi likifika kwenye hadithi, linawekwa mezani. Kama halikupakwa vizuri, hakuna anayeogopa. Wananunuliwa weupe, wa resini, ile plastiki ngumu inayovunjika kama kigae. Mimi nawapa ngozi, magamba, na meno. Meno hasa."

"Na Bibi Gharika ni huyu wa katikati?"

"Aliyekaa mahali pa Bibi Gharika ndiye huyu wa katikati."

Inspekta akatoa kijitabu. "Umejuaje si yeye?"

Mzee alisogea kwenye kabati. "Marehemu mke wangu ndiye aliyempaka macho, mwaka wake wa mwisho. Mkono ulikuwa umedhoofu, kope moja ikashuka zaidi ya nyingine. Nikataka kurekebisha, akaniambia mwache, hata zimwi husinzia. Miaka minne namtazama anasinzia." Akakigusa kioo kwa kidole. "Huyu yuko macho."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia alikuwa bintiye, mwalimu wa hesabu, na kalamu nyekundu ilikuwa bado sikioni. Alimwamkia baba yake kwanza, akamwekea chupa ya maji mezani, ndipo akamgeukia Inspekta.

"Samahani kwa usumbufu, afande. Ningejua ameenda kituoni ningemfuata."

"Hakuna usumbufu, Mwalimu. Wewe unasemaje?"

Mwalimu alivuta pumzi. Hakuwa mkatili, na lilikuwa jambo la kumwonea huruma kumwona akitafuta sauti ya kusemea. "Mwezi uliopita Baba alipasuliwa goti, akakaa kwetu kuuguza. Siku moja aliacha jiko linawaka, sufuria ikaungua mpaka ikatoboka. Siku nyingine akamwita mume wangu kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe, aliyefariki zamani. Nikasema ni dawa. Ijumaa iliyopita tukamrudisha hapa. Jumamosi, mbele ya watu, akachukua kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe na kusema hakijui. Kabati halikuvunjwa. Ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango ulipo siku zote. Mwizi gani anaiba kitu na kuacha kingine kama hicho?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anahamia kwetu moja kwa moja. Chumba ni kidogo, meza haiingii, na rangi na vile visu sitaki viwe naye. Gari la mizigo linakuja saa kumi."

Mzee alichukua brashi iliyokuwa safi, akaanza kuifuta.

"Jiko niliacha kweli," alisema mwishowe. "Hilo nakubali. Hili la Bibi Gharika sikubali."

Inspekta alitazama saa. Katika kazi yake alikuwa amewaona watu wakiomba Mungu wasiwe wameibiwa. Hakuwa amewahi kumpata mlalamikaji anayeomba kwa moyo wote kwamba ameibiwa. Kama palikuwa na mwizi, mzee alikuwa na akili zake na meza ingebaki. Kama hapakuwa na mwizi, saa kumi meza ingepakiwa, na pamoja nayo kile kilichokuwa kikimwamsha mzee kila asubuhi.

"Nipeni kioo cha kukuzia," alisema.

Alianza na makaratasi, maana makaratasi hayana huruma kwa mtu yeyote. Mzee alimvutia droo: kila zimwi lilikuwa na kadi yake, kama mgonjwa. Rangi ya ngozi, idadi ya tabaka za rangi, na chini kabisa, kazi ya meno, kwa kuwa mzee hakuweza kuliacha zimwi bila angalau jino moja lililotibiwa. Pweza Karani: chonge la chini kushoto, limezibwa kwa rangi ya risasi. Kaa Hakimu: jino la mbele juu kulia, limevunjika pembe. Bibi Gharika: gego la juu kulia, dhahabu, tabaka mbili.

Inspekta aliwatoa mmoja mmoja na kuwasimamisha mbele yake. Jino la Kaa Hakimu lilikuwa upande wa mkono wake wa kushoto, yeye Inspekta aliyekuwa akitazama. Akasoma kadi tena. Juu kulia. Akaguna. Chonge la Pweza Karani liliandikwa kushoto, naye alilikuta upande wa mkono wake wa kulia. Wa tatu hivyo hivyo, na wa nne, mpaka wa sita. Kisha akamchukua Bibi Gharika. Kadi ilisema kulia, na dhahabu ilimeremeta upande wa mkono wake wa kulia.

Kwa asiyejua, huyo wa saba ndiye pekee aliyekuwa sahihi.

Inspekta akaligusa tena shavu lake, polepole. Mzee alikuwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, na bado alisema gego lako la juu *kulia*.

Akampindua Bibi Gharika. Unyayoni mwa kila sanamu palichomekwa kiwaya kifupi: wakati wa kupaka huchomekwa kwenye kizibo cha chupa ili mkono usiguse rangi, na wakati wa mchezo huchomekwa kwenye kitako cha kusimamia. Sita walikuwa na waya wa chuma cheupe, ule wa kunyooshea meno. Wa saba alikuwa na shaba. Akaisogeza kwenye kioo, akaona katikati ya ile shaba pana tundu. Waya hauna tundu. Lenye tundu ni bomba.

"Taa hii ya kabati," aliuliza, "ni ya lini?"

"Mume wangu alimwekea Baba wakati yuko kwetu," Mwalimu alijibu. "Ilikuwa zawadi ya kumkaribisha nyumbani."

"Na kuna mtu aliyewahi kumtamani Bibi Gharika?"

Mzee alicheka kidogo. "Msimulizi wetu. Ameniomba mara tatu amweke kwenye dirisha la duka lake. Nimemnyima mara tatu."

*

Msimulizi alikuwa jitu la mtu lenye sauti laini, na duka lake liliuza vinyago vya watoto mbele na mazimwi nyuma. Inspekta alipoingia alimkuta anafuta vidole kwa tambara. Vidole vilikuwa vya kijani.

"Rangi nzuri," Inspekta alisema, akionyesha kitambulisho. "Ya nini?"

"Mlango wa choo, afande." Akauonyesha. Ulikuwa wa kijani, umefungwa kamba, na umeandikwa USIGUSE. Inspekta akaugusa. Ulikuwa mbichi.

Akajifuta kidole kwenye lile tambara, heshima yake imepungua kidogo. "Niambie ya Jumamosi."

"Siku ya Bibi Gharika kutoka majini tuliisubiri mwaka mzima." Msimulizi alimpeleka chumba cha nyuma, penye meza ya duara na viti sita. Upande mmoja palisimamishwa ubao wa kadibodi wa kufichia karatasi za msimulizi. "Mwezi mzima tulisimamisha mchezo kwa ajili ya goti la mzee. Nikaizima taa kubwa, nikasimulia maji yanavyojaa barabarani, na mzee akamtoa Bibi Gharika kwenye boksi. Akamgeuza. Akasema, huyu si mwanangu. Tukacheka, tukidhani ni sehemu ya hadithi. Kisha tukamtazama mzee usoni."

"Nani alimrudisha nyumbani?"

"Mkwewe. Naye ni mchezaji wetu."

"Sanamu kama ile ulileta ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza alipaka mzee. Ya pili iko wapi?"

Msimulizi alianza kupanga dadu kwa rangi zake. "Niliiuza. Wiki tano zimepita."

"Kwa nani?"

"Nimeapa kutosema, afande. Kama lazima, nipeleke kituoni, lakini nimeapa." Akainua macho. "Alikuja saa ya chakula cha mchana. Aliponiomba ile sanamu alikuwa analia. Mtu mzima, kasimama pale kwenye midoli, analia."

Inspekta alikuwa amekwisha kushika pingu kwa mazoea tu, akaziachia. Wezi aliowajua waliingia dukani na kucheka.

"Swali la mwisho. Jino la dhahabu la Bibi Gharika liko upande gani?"

"Jino gani?"

"Miaka minne unamsimulia, hujui ana jino la dhahabu?"

"Afande, mimi nakaa hapa." Msimulizi alizunguka nyuma ya ule ubao, akakaa. "Mazimwi wangu wanawaelekea wachezaji. Mimi nawajua migongo tu. Muulize mtu anayekaa kule mbele."

Inspekta akatazama viti vya upande wa pili. Kijani cha choo kilikuwa kimempotezea robo saa, lakini viti hivi vilimrudishia yote. Aliyempaka yule wa saba alijua jino lipo na alijua zilipo kadi. Hakuwa mwizi wa kutoka nje. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ingawa Inspekta aliona kwamba hiki hakikuwa kinakula. Kilikuwa kinalia.

*

Saa tisa kasoro robo alirudi kwa Fundi Meno. Gari dogo la fundi wa majokofu lilikuwa limeegeshwa nje. Ndani, mkwe wa mzee alikuwa amepiga magoti chini ya meza, spana mkononi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye ovaroli ya bluu, na wateja wake walimwita Fundi Friji.

"Ameanza kufungua tangu saa nane," Mwalimu alisema. "Anasema bolti zimeshika kutu."

Inspekta aliinama kuzitazama. Bolti zilikuwa nne, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Hakuna hata moja iliyolegezwa. Karibu na goti la Fundi Friji mkoba wa vifaa ulikuwa wazi, na juu kabisa palikuwa na shaba nyembamba iliyoviringishwa duara, nyembamba kama kijiti cha meno.

"Hii ni nini, fundi?"

"Kibomba cha gesi, afande. Kinakaa nyuma ya friji."

"Kina tundu katikati?"

"Lazima. Bila tundu gesi itapita wapi?"

"Kweli," Inspekta alisema. "Nyote njooni hapa mezani. Dakika tano tu, halafu nafunga faili."

Aliteremsha taya moja ya plasta kutoka kwenye rafu, akaisimamisha mezani imekenua. Akamega madonge matatu ya nta nyekundu iliyokuwa mezani. "Kila mtu anibandikie nta kwenye gego la juu kulia. Mwalimu, anza."

"Afande, gari linakuja."

"Ndiyo maana nasema dakika tano."

Mwalimu aliichukua nta na kuibandika bila kufikiri, upande wa mkono wake wa kushoto.

"Hapo ni kushoto kwako," Inspekta alisema.

"Kushoto kwangu, kulia kwa mgonjwa. Nimejaza kadi za Baba tangu nina miaka tisa. Jino linahesabiwa kwa mwenye mdomo, si kwa anayetazama."

Inspekta aliibandua nta. "Mzee."

Fundi Meno alifumba macho, akapapasa taya kwa kidole gumba kama mtu anayemshika mtoto kidevu, akabandika. Mahali pale pale.

"Fundi."

Fundi Friji aliitazama taya. Alimtazama mkewe, akamtazama mzee, na nta ilikuwa inayeyuka vidoleni. Hakuwa amesikiliza neno hata moja la yaliyosemwa. Alikuwa ametega masikio barabarani, akisubiri mlio wa gari. Akanyoosha mkono na kuibandika upande wake wa kulia.

Inspekta alimtoa Bibi Gharika kwenye kabati na kumsimamisha kando ya taya. Dhahabu na nta nyekundu zilikaa upande mmoja.

"Mwalimu," Inspekta alisema taratibu, "baba yako anaweza kusahau jiko. Mimi mwenyewe nimesahau pasi ikachoma sare. Lakini mkono wake umehesabu meno kwa upande wa mgonjwa miaka thelathini na nane. Nenda kawatazame wale sita. Aliyempaka huyu aliisoma kadi vizuri sana, ila hakuwa mtu wa meno. Alimsimamisha kwa shaba ya friji badala ya waya. Na duka limeuza sanamu ya pili wiki tano zilizopita. Baba yako alisema si yeye. Si yeye kweli."

Mwalimu alishika ukingo wa meza.

Fundi Friji alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipozungumza aliongelea humo humo kiganjani.

"Nilitaka awe na mwanga," alisema. "Nilikuwa natoboa tundu la waya wa taa. Kabati likatikisika, akaanguka. Yeye tu, kati ya wote saba. Mdomo ulisagika kabisa, sikuweza hata kujua jino lilikuwa wapi, nikalikuta peke yake pembeni ya ukuta. Nikasoma kadi. Baba, jicho lile alilipaka Mama. Ningekuambiaje? Nikanunua mwingine. Nikajifunza kwanza kwa kupaka nati na bolti, saa za mchana, ndani ya gari. Siku kumi na tisa sikula mchana. Nikadhani ukirudi hutatambua."

"Na Jumamosi nilipotambua?" mzee aliuliza.

"Nikasema nitasema kesho. Kila siku nikasema kesho."

"Ulinitazama nikipiga simu ya gari," Mwalimu alisema. Hakupaza sauti. "Ulikaa kwenye kochi, ukanitazama nikimwambia baba yangu kwamba akili zake zinamtoka. Na mimi usiku nalia, wewe unanifuta machozi."

"Nilikuwa naogopa."

"Sote tulikuwa tunaogopa!"

Inspekta alifunga kijitabu chake. Hapa kazi ya polisi ilikuwa imekwisha, na angeweza kuondoka, lakini hakuondoka.

"Vipande viko wapi?" mzee aliuliza.

Fundi Friji alitoka mpaka kwenye gari, akarudi na kopo la bati lililofungwa kwa tambara safi. Aliliweka mezani bila kuthubutu kumtazama mtu. Mzee alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akafungua tambara. Kilikuwamo kila kitu, hata vumbi. Juu ya pamba kililala kichwa cha Bibi Gharika, hakina mdomo, na kope moja imeshuka. Bado alikuwa anasinzia.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akakishika kiganja cha mkwewe na kukiondoa mdomoni.

"Miaka thelathini na nane, mwanangu," alisema. "Watu wananijia wameziba midomo hivi hivi. Bwana harusi wa kesho, askari, mwimbaji wa kwaya. Anatoa kitambaa mfukoni, anakifungua, ndani meno vipande vipande, na hawezi kunitazama machoni. Kila mmoja nilimwambia neno moja tu: lete. Maisha yangu yote nimeletewa vilivyovunjika. Na wewe, mtoto wa nyumbani, ndiye ukashindwa kuniletea?"

Fundi Friji alilia kama alivyolia dukani, kwa sauti, bila kujificha. Mwalimu alikuwa bado amekasirika, na angeendelea kukasirika wiki kadhaa, lakini alienda akasimama nyuma ya baba yake na kumwekea shavu begani.

"Nisamehe, Baba."

"Jiko niliacha kweli," mzee alimkumbusha. "Ninunulie saa ya kengele, tusigombane." Alimchukua yule Bibi Gharika wa pili, akamzungusha chini ya taa. "Magamba umeyakosea safu tatu za chini. Ya nne mkono ukakubali. Nani alikufundisha huu ute?"

"Nilikuwa nakutazama tu."

"Hm." Mzee alimrudisha kabatini, akamsogeza Kaa Hakimu kidogo ili apate nafasi yake mwenyewe. "Jino lake tusiliguse. Tuwajue kwa hilo."

Inspekta alikuwa ametandaza fomu kwenye kona ya meza. Aliikata sentensi ya konstebo kwa mistari miwili. "Mzee, mali imepatikana. Niandike kitu kingine?"

"Andika na lile jingine," mzee alisema bila kugeuka, kwa kuwa tayari alikuwa anapanga vipande kwa ukubwa, na mkwewe alikuwa amevuta kiti karibu naye. "Uliandike kwa herufi kubwa, binti yangu ana miwani."

Inspekta aliandika: MLALAMIKAJI ANA AKILI TIMAMU. Akamsogezea Mwalimu asaini kama shahidi. Mwalimu aliisoma, akatoa ile kalamu nyekundu sikioni, na badala ya saini tu, aliweka kwanza alama ya vema pembeni, kubwa, kama anavyowawekea wanafunzi wake.

Nje honi ililia. Dereva wa gari la mizigo alikuwa amewahi. Mwalimu alikwenda dirishani, akalifungua nusu ili vumbi lisiingie mezani.

"Samahani, kaka," alisema. "Hakuna mzigo leo. Baba yuko kazini."